Leta Gani?

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la chuo kikuu Jumatatu asubuhi, na mvua ya Butembo ikalilowesha kabla wanafunzi hawajamaliza kugombania nafasi ya kulisoma. Hata hivyo lilieleweka. Mouvement, kundi la waasi lililokuwa limejitengenezea mawaziri, bendera na mihuri kule Beni tangu vita vianze, iliagiza kwamba vyuo vyote vya eneo lake viache kutangaza matokeo ya wanafunzi kwa jina la Jamhuri. Mwaka huo wa elfu mbili, yatangazwe kwa jina la Mouvement. Chuo kitakachokaidi kitafungwa.

Malachie Kamate alilisoma mara mbili chini ya mwavuli wake. Mara ya pili aliona kwamba wanafunzi hawaliangalii tena tangazo, wanamwangalia yeye.

Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa masomo. Kila mwaka, wasahihishaji wakishamaliza kazi yao, ni yeye aliyepanda jukwaani na joho lake jeusi, akafungua kinywa, akasema "Au nom de la République", kwa jina la Jamhuri, kisha majina yakafuata. Mjini watu walimtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa sura. Sokoni kulikuwa na mama muuza sabuni aliyemwita "République" moja kwa moja, tena bila kucheka: "République, leo hauchukue sabuni?"

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mkewe Jokébed alimwekea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akamtazama anavyoshindwa kumeza.

"Sasa weye utasema nini, Baba Orpa?"

"Sijue."

"Unajua. Uko natafuna na kinywa haina kitu."

Binti yao Orpa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, daftari magotini. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kilimo. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu ugonjwa unaoozesha viazi vya Lubero, na alikuwa akinukia viazi vilivyooza tangu Pasaka. Wiki chache baadaye jina lake lingesomwa kwa kinywa cha baba yake. Alijua hesabu ya jambo lile kuliko wote wawili. Diploma ya Mouvement isingekubaliwa Kinshasa, wala Kisangani, wala Lubumbashi. Ingemfanya msomi kutoka Lubero hadi Beni tu, kama noti inayopokelewa kwenye soko moja. Na bila jina la Mouvement, hapangekuwa na diploma kabisa, maana hapangekuwa na chuo.

"Ile chuo ya kule chini banaisha kukubali," Orpa alisema. "Jana. Banasema 'au nom du Mouvement' na groupe électrogène yao, ile mashine ya umeme, inarudishwa siku ileile."

"Basi bako na lumière," mama yake akasema.

"Njo lumière yenyewe, mama. Ya kuona wamepotea."

Malachie hakucheka. Alinawa mikono, akarudi chuoni.

Baraza la chuo lilikaa mpaka walimu wakaanza kurudia hoja za wenzao wakidhani ni zao. Wengine walitaka kutii, wengine walitaka kufunga milango wenyewe kabla ya kufungiwa. Rekta Ignace aliwasikiliza kichwa kikiwa mkononi. Alikuwa Mkasai; alikuja kufundisha muhula mmoja tu, vita vikamkata njia ya kurudi, rekta wa zamani akakimbia, naye akajikuta ameketi kwenye kiti ambacho hakukiomba.

"Nilisema na barekta wengine ya muji," alisema mwishoni. "Bako na woga, lakini banakubali tuende kwa jina yao. Hatuende kupigana. Tunaenda kueleza. Monsieur Malachie, tutaenda siye wawili."

"Juu ya nini mimi?"

"Juu kinywa yenye itasema ni yako."

Walipanda gari la chuo, mashati meupe na tai. Njiani, Kalunguta, walikuta kizuizi: kamba, mapipa mawili ya mafuta, na askari aliyevaa kofia ya sufi juani.

"Ba-papa, boni? Munaenda wapi?"

"Beni," alisema Rekta. "Sisi batu ya université."

"Ah! Basi muko na akili mingi." Askari alifurahi kweli. Akaonyesha pikapu iliyozama matopeni, shehena ya mbao juu yake. "Hii inatushinda tangu asubuhi. Akili ishuke, isukume."

Walishuka, wakasukuma. Gurudumu lilipozunguka liliwapaka matope kuanzia tai hadi magoti, na kiatu kimoja cha Rekta kikamezwa pale pale. Askari walikitafuta kwa fimbo, wakakitoa, wakampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Hilo la heshima ndilo lililomuuma zaidi.

Beni, kwenye ofisi ya elimu, mlango ulilindwa na mtu aitwaye Muyisa, mwembamba, mwenye kusema sana.

"Université? Iko na askari ngapi?"

"Haina askari," Malachie alijibu.

"Basi mungojee."

Wakangoja. Waliingia wenye askari, wakaingia wenye mbao, akaingia mtu na mbuzi na akatoka bila mbuzi. Jua lilipogeuka ndipo Muyisa alipowaita: "Akili, muingie!"

Mkurugenzi Gustave aliwapokea amesimama. Alikuwa mtu wa Mbandaka, mnene, mpole wa sauti, aliyewahi kuwa msaidizi wa profesa Kinshasa kabla ya siasa kumleta mashariki. Alitazama matope kwenye nguo zao, akatazama viti vyake vya kitambaa, akasema: "Tusali mbele ya yote," nao wakasali wamesimama. Sala ilipoisha hakuwaambia waketi.

"Donc, museme."

Rekta Ignace alisema vizuri siku ile. Hata Malachie, aliyemsikia mara nyingi, alishangaa. "Monsieur le Directeur, vita itaisha siku moja. Sijue nani atashinda, na si kazi yetu kujua. Lakini mutoto atabaki na ile karatasi maisha yake yote. Akitafuta kazi mbali, bataangalia mahali pamoja tu: inatolewa kwa jina ya nani. Munaweza kubadilisha ministre, munaweza kubadilisha bendera. Tunaomba musibadilishe mutoto. Ba-université yote ya Butembo inatutuma tuseme vile."

Gustave alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mi mwenyewe nimefundisha. Najua diplôme ni nini. Lakini bakubwa banataka basikie Mouvement pale mbele ya batu. Nitabaambia nini?" Kisha uso ukamng'aa kidogo, kama mtu aliyepata wazo zuri akiwa peke yake. "Na tena, juu ya nini munasemaka Kifaransa? Bamama ya soko banakuja kusikia batoto yao, munabapigia Kifaransa. Mouvement ni ya raia. Semeni Kiswahili, raia asikie."

Kwa mara ya kwanza Malachie alifungua kinywa.

"Kwa Kiswahili, Monsieur le Directeur, Mouvement tutaiita nini?"

"Weye njo mwalimu. Sema."

"Mouvement ni mwendo."

"Kwa jina ya mwendo," Gustave alijaribu. Akarudia taratibu, akitafuta uzito wake: "Kwa jina... ya mwendo."

Karani aliyekuwa kwenye mashine ya chapa aliinamisha kichwa hadi paji likagusa herufi. Lakini Muyisa mlangoni hakuweza kujizuia. "Mwendo! Batasema tumbo ya Recteur inaendesha!"

Chumba kizima kilicheka. Gustave naye alicheka, akafuta macho, na katika kucheka kule akalegea. "Basi hapana. Haifai. Semeni Leta. Leta leo, hapa, ni nani? Si siye? Semeni 'kwa jina ya Leta', raia atajua."

Rekta na katibu wake hawakutazamana. Neno Leta, l'État ya Kifaransa, yaani serikali, liliachwa na Wabelgiji, likabaki mdomoni mwa kila kijiji baada ya wao kuondoka. Leta ndiye aliyechimba barabara, Leta ndiye aliyeiacha ikaota nyasi. Leta alichukua kodi ya babu, akaja tena kuchukua ya mjukuu. Watawala walikuja wakaenda, majeshi yakapita, na kila aliyepita alijiita Leta. Wala hakuna aliyewahi kuuliza jina lake la pili, kwa kuwa haikusaidia kitu kulijua.

"Kwa jina ya Leta," alisema Malachie. "Tunasikia."

Walipovuka Kalunguta, ndipo Rekta alipogeuza shingo. "Malachie, ulifanya kusudi?"

"Bananiuliza Kiswahili ya Mouvement. Nilijibu."

Rekta alitazama nje, mashamba ya mihogo yakipita. Mabega yake yalianza kutikisika, na mpaka Butembo hakuweza kusema neno kwa kicheko.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama nje ya madirisha. Beni ilikuwa imemtuma Muyisa, ndani ya koti la kuazima lililomfika magotini, akae mstari wa mbele asikilize. Alikaa kwa adabu kubwa, miguu pamoja, kama mtu anayepigwa picha. Jokébed alikuwa nyuma na wanawake wa kanisa, kitenge kipya kiunoni.

Malachie alipanda. Aliona uso wa Orpa kati ya wenzake, mkavu, umeinuliwa. Akashusha pumzi.

"Kwa jina ya Leta," alisema.

Watu walikuwa wamezoea kupita juu ya maneno yale ya Kifaransa kama wanavyopita juu ya daraja, bila kutazama chini. Sasa yalisemwa kwa lugha yao, nao wakayasikia. Na kutoka dirishani, sauti ya mwanamume ambaye hakuna aliyemjua hata baadaye iliuliza, bila ubaya, kama mtu anayeulizia njia:

"Leta gani?"

Ukumbi ulipasuka. Wanawake walipigana viganja. Wachungaji walifunika midomo kwa Biblia. Muyisa alicheka mpaka koti likamvuka bega. Malachie alingoja, mikono juu ya meza, kama anavyongoja mtu amalize kukohoa. Kisha akaendelea kusoma. Alipofika kwenye jina la Orpa sauti haikubadilika, lakini alilisoma polepole kuliko mengine. Orpa alifaulu kwa sifa. Vigelegele vya Jokébed vilisikika hadi barabarani.

Kila mmoja alirudi nyumbani na alichotaka. Beni iliambiwa kwamba Jamhuri haikutajwa. Chuo kilijua kwamba hata Mouvement haikutajwa, na kwamba siku barabara ya Kinshasa itakapofunguka, neno lile litaweza kuvuka nayo.

Swali lilitembea peke yake. Mtoza ushuru alipofika sokoni na kusema anadai kwa jina la Leta, muuza sabuni alimtazama juu hadi chini.

"Leta gani?"

"Leta! Hakuna mbili."

"Jina yake njo kazi yake. Leta, leta, leta! Siku moja aitwe Peana, nitamulipa mara mbili."

Kesho yake wauza viazi wote walisema hivyo. Wiki iliyofuata waliuliza hivyo kwenye kizuizi cha Kalunguta, na dereva mmoja akapigwa kitako cha bunduki kwa kuuliza. Kisha waliuliza Beni kwenyewe, karibu na ofisi ya wakubwa. Hapo wakubwa wakamwita Mkurugenzi Gustave, wakamuuliza neno lile lilitoka wapi. Na Gustave, ambaye lilitoka kinywani mwake, alijibu kwamba lilitoka Butembo.

Amri ilikuja kwa Muyisa mwenyewe, bila koti safari hii. Alisimama kwenye baraza ya Malachie, akakataa kiti.

"Papa, utaenda kwenye radio ya Beni. Utasema Leta ni Mouvement, kisha utaomba pardon, musamaha. Ukikosa, banafunga université na matokeo yote ni zéro." Akashusha sauti. "Mi nilibaambia ulisoma muzuri sana. Bakanipiga kofi."

Baraza la chuo halikukaa muda mrefu. Rekta Ignace hakuwa na hotuba. "Siwezi kukutuma," alisema, "na siwezi kukukataza." Wengine walitazama viatu vyao. Mmoja alisema pardon ni neno dogo, na wote wakashukuru kwamba mtu amelisema.

Asubuhi ya safari Jokébed alimpigia pasi shati, makaa yakilia ndani ya pasi.

"Sema, urudi. Pardon haina kilo."

"Wananiomba mbili, Mama Orpa. Pardon, na kueleza."

"Eleza! Juu ya neno moya nikuwe mujane? Yule dereva ya Kalunguta ulimuona sura? Mi sikuolewa na République."

"Nikisema Leta ni Mouvement kwenye radio, na sauti yangu, batoto wote njo banaisha kuwa ba-diplomé ya uasi. Hata Kinshasa iko na masikio."

"Batoto ya batu."

"Na wa kwako."

Jokébed aligeuza shati, akapiga pasi kola ambayo alikwisha kuipiga.

Orpa alimsindikiza hadi barabarani, akimbebea mwavuli ambao hakuuhitaji. Alikuwa ameahidiwa kufundisha shule ya misioni Lubero. Mkuu wa shule alikuwa ametuma watu mara mbili kuuliza diploma itatoka lini.

"Baba, pardon uiombe," alisema. "Ni ya kwako, unaweza kuitoa. Mama atalala. Lakini Leta usiieleze. Ile si ya kwako peke yako."

"Na bakinilazimisha?"

"Sijue." Akampa mwavuli. "Nilifikiri weye njo unajua."

Redio ya Beni ilikuwa chumba kimoja, magodoro yametundikwa ukutani kuzuia kelele. Gustave alimpokea kwa mikono miwili, safari hii akampa kiti. Alionekana amekonda.

"Papa, nimesema na bakubwa usiku na muchana. Nimepata kitu. Ile kueleza, tunaacha. Sema pardon tu, neno moya, mbele ya micro. Université inabaki wazi. Unarudi kwako leo."

Ndicho alichoruhusiwa na binti yake, ndicho alichoombwa na mkewe. Malachie aliomba maji, akaletewa, akanywa yote.

"Aksanti, Monsieur le Directeur."

"Tunasaidiana. Mi pia ni muzazi." Gustave aliketi karibu, kama wanaume wanavyoketi msibani. "Kijana yangu Léon iko Kinshasa. Médecine. Vita inatutenga, simuone tangu miaka. Nasikia batamutangaza mwezi ya saba."

"Félicitations."

"Aksanti. Ni mutoto ya akili."

"Batamutangaza kwa jina ya nani?"

Malachie hakukusudia ubaya. Ni swali ambalo mtu wa kazi yake angeuliza. Lakini Gustave aliangalia saa yake, kisha mlango, kisha vidole vyake mwenyewe.

"Papa," alisema, "tosalisana. Tusaidiane."

Fundi wa mitambo aliinua mkono. Taa nyekundu ikawaka.

Gustave alisoma utangulizi kwa sauti yake ya sala. Alisema kuhusu umoja, kuhusu raia, kuhusu neno lililoeleweka vibaya. Malachie alikuwa akimsikia kwa mbali. Alimwona kijana asiyemjua, amevaa joho, akisimama Kinshasa na kusikia jina lake likisomwa kwa jina la Jamhuri. Karatasi yake itamvusha mito yote. Angeweza kumtaja Léon sasa hivi, na eneo zima lingecheka mwezi mzima. Hakumtaja. Kijana hakuwa na kosa lolote, alisoma tu, kama Orpa. Ila kwa Léon hakuna baba aliyeitwa kuomba pardon. Alifikiria mnyororo wa lango la chuo, ambao huenda ulikuwa umekwisha kutolewa stoo. Alifikiria Jokébed, amesimama kwa jirani mwenye redio, mkono mdomoni.

"Na sasa," alisema Gustave, "Monsieur le Secrétaire Académique iko na neno kwa raia."

Malachie aliisogelea mikrofoni kama anavyoisogelea meza ya ukumbini.

"Naitwa Malachie Kamate. Neno Leta nililisema mimi, na kinywa yangu. Batoto walisoma, wakafaulu, nikatangaza majina yao. Ile ni kweli na itabaki kweli." Akapumua. "Kisha batu bakauliza swali. Mutu iko na haki ya kuuliza. Université ni kazi gani ingine inafanyaka? Tunafundisha batu kuuliza."

Gustave alikuwa amekwisha kuandika neno moja kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akalisukuma mbele yake, akaligonga kwa kidole.

"Papa anataka kusema pardon," alisema kwenye mikrofoni, akitabasamu kwa taabu. "Si vile, Papa? Unaomba pardon."

Malachie alilisoma lile neno. Lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kosa.

"Hapana," alisema. "Mi hapana kuomba pardon."